Mlingoti na Kipisi

Haya nilisimuliwa na Blandina mwenyewe, binti wa jirani yangu, alipokuja nyumbani Bukoba kwa Krismasi ya mwaka tisini na nane. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Kwanza alichungulia mlangoni kuhakikisha mama yake hayuko karibu, ndipo akaanza, na alipofika katikati kisu kikamponyoka kwa kucheka. Halafu akanuna. Halafu akacheka tena.

Blandina na mumewe Gosbert walikuwa wamepanga vyumba viwili vya uani kule Bluff, kile kilima cha Durban kilichojitokeza baharini kando ya bandari. Gosbert alikuwa mpakiaji katika ghala la magodoro huko Mobeni, penye viwanda. Kazi yake ilikuwa kupakia magodoro kwenye lori na kuyashusha kwenye nyumba za wenye nazo. Mtu wa kawaida tu. Isipokuwa alikuwa na gari, na gari hilo lilikuwa na antena.

Gari lenyewe lilikuwa Cressida kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala. Alilinunua halina antena kabisa, pale palipotakiwa kuwa na antena kulikuwa na tundu lililozibwa na jojo iliyotafunwa. Fundi mmoja Mkongo aliyeitwa Alain, aliyetengenezea magari barabarani huko huko Mobeni, alimfungia antena iliyotoka kwenye lori bovu. Kumbe antena ya lori ni kitu kingine. Ilisimama juu ya Cressida kama mti wa bendera ya shule. Upepo wa Bluff ukivuma ilipiga mluzi, na gari likikata kona yenyewe ilibaki nyuma kidogo, halafu ikafuata. Redio ilinasa kila kitu, mpaka mahubiri ya Kireno kutoka Msumbiji, na Gosbert aliyasikiliza yote huku akitikisa kichwa, neno moja hajui.

Watu waliita antena ile Mlingoti. Na walicheka, ndiyo, lakini waliifuata.

Maana watu wa kwetu kule Durban, wakati ule, kila mmoja alijua njia moja tu: ya kutoka chumbani kwake kwenda kazini kwake. Ukimtoa hapo amepotea. Sasa kukiwa na harusi, ubatizo au maziko, magari yanajipanga, yanafuatana, na kule barabara zina taa kila mahali, wao wanaziita roboti. Roboti ikiwaka nyekundu msafara unakatika kama soseji. Ila ukiwa nyuma ya malori mangapi sijui, ukiinua macho, unauona Mlingoti wa Gosbert juu ya vichwa vya magari yote, umefungwa utepe juu kabisa, mweupe kwa harusi, mweusi kwa msiba. Neno lilikuwa moja, na kila dereva alilijua: fuata Mlingoti.

Basi Gosbert akawa mtu mkubwa. Hakuna mtoto aliyebatizwa bila yeye, hakuna maiti aliyefika makaburini bila yeye. Na kwenye kila karamu, kuku wakishapikwa, firigisi ilipelekwa kwa mwongoza msafara. Hakuna aliyeamua hivyo, ilitokea tu ikawa desturi. Kwetu firigisi hapewi mtu ovyo. Gosbert aliila polepole, macho juu, kama anayesikiliza hotuba ya kumsifu.

Mwaka huo mdogo wake Blandina, Rhoda, akachumbiwa. Mchumba aliitwa Achille, kijana Mkongo mwenye saluni mjini, mpole, hana neno. Neno lilikuwa kwa ndugu zake. Kwanza walikuwa wengi. Blandina alisema ukimwita binamu wa Achille barabarani, wanageuka wa kujaza basi. Pili walikuwa na mjomba mmoja, Barthélemy.

Kwa habari ya wingi wao, mama yake Blandina alikwisha kusikia. Akapiga simu kutoka posta ya Bukoba, anapiga kelele kama vile sauti ndiyo itakayovuka mipaka badala ya waya. "Blandina! Mimi siji, nauli ya ndege sina na bahari naiogopa. Wewe ndiye mama yake hapo. Sasa nisikilize. Rhoda asiingie kanisani kama kuku wa sokoni, ameshikwa mabawa na mtu mmoja! Aingie na watu wake nyuma, waimbe, wasikike! Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Uniapie!"

Blandina akaapa, simu mkononi, mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakingojea kibanda cha simu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alizunguka kuwaomba watu: wapakiaji wenzake Gosbert, wanafunzi, wauza nguo, wanakwaya. Bi Kidawa, aliyeshona gauni, akaahidi kuja na shoga zake wote. Huyu Bi Kidawa alikuwa wa ukoo wa Wazanzibari wa kule kule. Bibi yake alizaliwa hapo Bluff, kabla serikali ya Wazungu haijawang'oa na kuwatupa Chatsworth. Kiswahili chake kilikuwa kichache, lakini vigelegele vyake vilikuwa vya kumtosha mtu yeyote. Magari nayo yakapatikana, ya kuazima na ya kubembeleza. Wote waliuliza swali moja: hilo kanisa liko Morningside, huko juu kwa matajiri, sisi tutafikaje? Na Blandina akawajibu wote jibu moja: fuateni Mlingoti.

Sasa ngoja.

Ndugu za Achille walikuja Bluff kupanga siku. Barthélemy akashuka kwenye gari linalong'aa, viatu vinang'aa, kipara kinang'aa, simu ya mkononi ameishika nje ya mfuko ili isije ikapata joto. Akaizunguka Cressida mara moja. Akauangalia Mlingoti kuanzia chini mpaka juu, akarudi tena chini.

"Beau-frère," akamwambia Gosbert, yaani shemeji, "hii iko gari ao iko fimbo ya kuvulia samaki?"

Ndugu zake wakacheka. Gosbert naye akacheka, lakini Blandina aliyaona masikio yake yakisogea.

"Mimi nakuambia kama ndugu," Barthélemy akaendelea, amemshika bega. "Kule Morningside mutu ya maana haweke fimbo murefu vile. Iko kafupi. Kadogo hivi. Discret, haina kelele." Akaonyesha antena ya gari lake, kitu cheusi cha urefu wa kidole gumba, kimelala nyuma ya paa kama kupe mgongoni mwa ng'ombe.

Basi. Yakaisha maneno ya mahari, chai ikanywewa, wageni wakaondoka. Lakini Gosbert, kwa mawazo, alikwisha kuondoka kabla yao. Siku zilizofuata, kila alipopeleka magodoro Morningside, hakuona nyumba wala bustani wala watu. Aliona antena. Akirudi anahesabia mkewe: ya daktari fulani, fupi. Ya mama fulani mwenye mbwa, fupi. Hata ya mchungaji wao, fupi.

"Baba Godson," Blandina akamwambia, mdomo umejaa pini za kushonea, "harusi imefika mlangoni, wewe unanisimulia vikonyo vya magari?"

"Antena ndefu ni ushamba, mama Godson."

"Ushamba huo ndio uliokulisha firigisi."

"Nitabeba bibi harusi kwenda Morningside na chuma cha lori? Watatuonaje?"

"Hilo ndilo ninalotaka. Watuone! Wale walioko nyuma watatuonaje usipokuwa na Mlingoti?"

"Watu wazima wana macho," akasema Gosbert, akageukia ukutani.

Akaenda kwa Alain. Alain alicheka, akasema "Sharp, patron," yaani sawa bosi, akaung'oa Mlingoti na kumfungia kidude kifupi kama kile cha Barthélemy. Gosbert akarudi nyumbani anaendesha polepole, kiwiko dirishani. Majirani wa Bluff, hakuna hata mmoja aliyetoka kutazama. Alipowasha redio, ilitoa sauti ya mtu anayekaanga samaki. Akazungusha. Samaki. Akazungusha tena. Samaki zaidi, na ndani yake, mbali kabisa, mtu mmoja anayepiga chafya.

"Mbona inakwaruza?" Blandina akauliza.

"Hayo ndiyo mawimbi ya kisasa."

Wapakiaji wenzake walipokiona kile kidude Jumatatu, hawakuchelewa. Wakakibatiza Kipisi, kama kile kinachobaki mtu akimaliza sigara. Gosbert akasema ni wivu.

Jumamosi ya harusi ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi ya kule, jua limetakata na upepo mkali. Asubuhi na mapema akaja Ndikumana, Mrundi aliyefuga kuku huko Mobeni, amewaleta kuku wa karamu kwenye pikapu yake. Akina mama waliomngojea kwa visu wakawachungulia. Walikuwa wameagiza kuku wa nyama, laini, wa mwezi mmoja na nusu. Ndikumana alikuwa ameleta mitetea waliostaafu kutaga, shingo kavu, macho makali, wengine wakimtazama mtu kama wanamjua.

"Ndikumana!" Blandina akamwita, rola kichwani. "Hawa ni kuku au ni wakwe zangu?"

"Mama, wale laini wako nyumbani, nilikosa nafasi kwenye gari. Nakwenda kuwaleta sasa hivi."

"Usipowaleta tutakufuata huko huko, na visu tunavyo!"

Alisema kwa mzaha, lakini akina mama waliokuwa nyuma yake waliinua visu kuonyesha kwamba kweli wanavyo. Ndikumana akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta mlango.

Alipokuwa anarudi kwenye pikapu ndipo Blandina alipoona. Juu ya pikapu ile, mrefu, umenyooka, unapiga mluzi wake ule ule, ulikuwa Mlingoti. Alain alikuwa amemuuzia Ndikumana, na Ndikumana, kwa kuwa harusi ni harusi hata kwa muuza kuku, alikuwa ameufunga utepe mweupe kileleni.

"Baba Godson, ule si Mlingoti wetu?"

Gosbert alikuwa anafunga utepe kwenye Kipisi. Utepe ulikuwa mrefu kuliko antena, ukaangukia kwenye kioo cha nyuma kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. Hakuinua kichwa. "Waache wenye kuku wavae kikuku," akasema. "Twende, tumechelewa."

Wakaondoka. Mbele Cressida, ndani yake Gosbert, Blandina, na Rhoda nyuma na gauni lake lililojaza kiti chote. Nyuma yake magari yote ya kuazimwa, yamejaa watu, madirisha wazi, kwaya inaimba, Bi Kidawa anapiga vigelegele vya kuamsha Bluff nzima. Blandina akageuka akawaona, moyo ukatulia. Watu wake Rhoda hao. Mama, waone.

Upepo ukauchukua ule utepe kwenye mteremko wa kwanza tu. Ukaenda zake baharini.

Chini ya kilima kuna roboti kubwa. Kulia unakwenda mjini na Morningside, kushoto unakwenda kusini, Mobeni. Taa ilikuwa ya njano. Gosbert, kwa sababu alikuwa mwongoza msafara na mwongoza msafara hasimami, akapita. Msafara ukasimama. Malori ya bandarini, yale yanayobeba makontena, yakajaa katikati. Blandina aligeuka akaona ukuta wa makontena.

"Punguza, hawatuoni!"

"Watatukuta. Barabara ni moja."

Barabara haikuwa moja.

Walifika kanisani Morningside, Gosbert akaegesha, akazima gari, kukawa kimya. Ndege walikuwa wanalia kwenye miti ya matajiri. Barabara nyuma yao ilikuwa tupu.

Ng'ambo, kwenye ngazi za kanisa, upande wa bwana harusi ulikuwa umepangwa kama picha: mashangazi wa vitenge vya aina moja, wajomba wa suti, binamu juu ya binamu. Barthélemy akateremka, simu mkononi.

"Beau-frère! Karibu, karibu. Famille iko wapi?"

"Wanakuja," akasema Gosbert. "Roboti."

"Ah, roboti." Akaangalia barabara tupu. Akaangalia Kipisi, akatabasamu. "Sasa gari iko muzuri. Lakini batu ni babili tu? Ao Watanzania wote waliingia ndani ya valise, ndani ya sanduku?"

Mashangazi kwenye ngazi wakacheka wakifunika midomo kwa vitambaa vyao. Wakangoja. Wakangoja tena. Mwisho padri akatoka, mzee wa Kizungu, mwenye haraka ya upole. Akaeleza kwamba baada yao kuna harusi nyingine, tayari inafika. Wanaweza kuingia sasa hivi na waliopo, au wawapishe wale wengine, wao wangoje mpaka wamalize. Wachague.

"Tuingie," Gosbert akasema upesi. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. "Mungu haangalii wingi wa watu."

"Mungu haangalii," Blandina akasema. "Mama anaangalia."

"Mama yuko Bukoba!"

"Na kiapo changu kiko hapa."

Rhoda akashusha kioo kidogo. Wanja wake ulikwisha kuanza kuchuruzika. "Dada, sasa naingia na nani? Na shemeji peke yake, amenishika mkono?"

Ndipo Blandina akaona kile alichokisema mama yake, kuku wa sokoni, mabawa yameshikwa na mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Gosbert. Akamgeukia padri. "Tunangoja, baba. Hata wakimaliza harusi zote za Durban."

Barthélemy akainua mabega. Padri akaingia. Wakawapisha wale wengine: watu wachache wa Morningside, magari machache yanayong'aa, kila moja na kipisi chake. Bibi harusi wao akapita kando ya Cressida bila kugeuka, mwepesi kama mtu anayekwenda benki. Ndugu za Achille wakakaa kwenye ngazi na kuanza kula karanga. Rhoda alikaa garini amekunja gauni, kila baada ya muda anafuta macho na kuuliza, "Hawajaonekana?"

Gosbert akafungua mlango. "Nakwenda kuwatafuta."

"Kaa chini," Blandina akamwambia. "Utamtafuta nani, na wewe mwenyewe huonekani?"

Akakaa. Hakuna aliyekuwa na simu isipokuwa Barthélemy, na hata akiwa nayo angempigia nani? Kwenye magari yale ya kuazimwa hakukuwa na mwenye simu, kulikuwa na watu wanaojua neno moja tu: fuata Mlingoti.

Na ndivyo walivyofanya. Bi Kidawa, aliyekuwa kwenye gari la kwanza nyuma, ndiye aliyekuja kueleza yote. Roboti ilipowaka kijani, waliinua macho juu ya makontena, na wakauona Mlingoti ule ule na utepe wake mweupe, unakata kushoto. "Huyoo!" wakapiga kelele. Magari yote yakakata kushoto. Nani atauliza? Miaka yote wameufuata, haujawahi kuwapoteza.

Ndikumana, aliyekuwa amekwama katikati ya malori yale yale, anaendesha, anakwenda kuchukua kuku laini ambao, tuseme kweli, hawakuwapo. Walikuwa wameuzwa jana yake kwa hoteli. Akatazama kioo cha pembeni. Akaona harusi nzima nyuma yake. Taa zimewashwa, honi zinalia, wanawake wamejitoa madirishani wanapunga vitambaa na kupiga kelele. Akayakumbuka maneno ya Blandina. Akavikumbuka na visu. Akajisemea, wamemchinja kuku wa kwanza, imeshindikana kumkata, na sasa wamekuja.

Akakanyaga mafuta. "Leo Gosbert ana haraka," wakasema kwenye gari la kwanza, macho juu kwenye utepe tu, nao wakakanyaga. Akakata kona ya kiwanda cha rangi, nao wakakata. Akazunguka kiwanda cha mablanketi mara mbili, wakazunguka, kwaya haikukosa ubeti. Walinzi wa malango waliwapigia saluti. Mwisho akaingia uani kwake, akaruka kutoka kwenye pikapu, akakimbilia bandani mwa kuku na kujifungia kwa ndani.

Msafara ukaegesha. Watu wakashuka, wakakung'uta suti, wakanyoosha makoti. Waliona banda refu la mabati, wakashangaa kidogo, lakini Morningside wenyewe hawajawahi kufika, huenda matajiri wanapenda makanisa ya aina hiyo. Kwaya ikajipanga mlangoni ikaanza wimbo wa kuingilia. Bi Kidawa akapiga vigelegele. Ndani, mitetea mia ngapi sijui wakaitikia.

Na katikati ya mitetea, sauti ya Ndikumana: "Muniache! Nitawabadilishia! Nitawabadilishia wote!"

"Padri anasemaje?" akauliza mwanakwaya wa nyuma.

Walipoelewa, wengine walikaa chini palepale kwenye samadi kwa kucheka, na wengine wakataka kulia, maana bibi harusi yuko wapi na wao wako wapi? Wakamgongea Ndikumana mlango. Hawataki kuku, wakamwambia, wanataka njia. Na hapo ndipo bahati yao ilipokuwa, kwa sababu Ndikumana alipeleka mayai kwenye nyumba za Morningside kila wiki. Alifungua mlango kidogo, akatoa pua kwanza.

"Hakuna aliye na kisu?"

"Hakuna!"

"Basi nifuateni."

Kanisani, wale wa harusi ya haraka walikuwa wameanza kutoka wakati Blandina aliposikia honi. Akasimama kwenye kizingiti cha gari. Juu ya ukuta wa jirani, juu ya maua ya watu, akaona kwanza utepe mweupe, halafu Mlingoti, unakuja, unainama kwenye kona, unafuata. Halafu pikapu ya kuku, makreti tupu nyuma yanagongana. Halafu gari baada ya gari baada ya gari.

"Rhoda! Watu wako!"

Alisema hakuwahi kuona kitu kizuri vile, na kinachonuka vile. Walishuka na manyoya kwenye suti, manyoya kwenye kofia, soli za viatu usiseme. Bi Kidawa alikuwa na unyoya mmoja umesimama kwenye kilemba chake, ulikaa vizuri kiasi kwamba watu walidhani ameuweka. Bibi harusi wa Morningside akasimama kwenye ngazi na kundi lake dogo, akawatazama wakipita, na Blandina alidai aliona wivu machoni pake. Mimi sikuwapo.

Rhoda akaingia. Nyuma yake watu wake wote, wanaimba wimbo wa kuingilia kwa mara ya pili siku hiyo, na kwa sababu walikwisha kuufanyia mazoezi mbele ya kuku, waliuimba kuliko walivyowahi kuuimba. Dari ilitetemeka. Mashangazi wa Achille wakaficha karanga. Upande wa bwana harusi ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa umekaa kimya, na Barthélemy alishika simu yake kana kwamba angeweza kumpigia mtu amsaidie.

Gosbert aliingia wa mwisho kabisa, kwa kuwa alikuwa anafunga milango ya gari. Akakosa nafasi. Akasimama nyuma karibu na maji ya baraka.

Karamu ilikuwa mchana, katika ukumbi walioukodi. Kuku wakapikwa wale wale wa asubuhi, wakachemshwa wakachemshwa, wakasalimu amri nusu. Ikafika saa ya firigisi. Blandina mwenyewe akaiweka kwenye sahani, akaipamba kwa kitunguu, akatoka jikoni. Ukumbi ukanyamaza, kila mtu alijua kinachokuja. Gosbert akaketi vizuri. Akanyoosha kola. Akaweka uso wake ule wa kusikiliza hotuba.

Blandina akaja moja kwa moja kuelekea kwake, akampita, shati lake likapata upepo wa kitenge chake, akaenda mpaka mwisho wa meza ya mlangoni alikokaa Ndikumana na koti la kuazima.

"Mwongoza msafara," akasema, "karibu."

Ukumbi ulilipuka. Meza zilipigwa, Bi Kidawa alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Ndikumana akatazama sahani, akawatazama akina mama waliosimama jikoni mikono kiunoni, akaelewa kwamba hakuna njia nyingine. Akaitia mdomoni. Ilikuwa firigisi ya mtetea wake mwenyewe, mzee kuliko wote. Aliitafuna hotuba ya mshenga ikaanza ikaisha, akaitafuna nasaha za wazee zikitolewa, akaitafuna keki ikikatwa, machozi yanamlenga, na kila aliyepita alimuuliza, "Laini, eh?"

Kitu kilichomuuma Gosbert zaidi hakikuwa hicho. Kilikuwa kumwona Barthélemy akivuta kiti karibu na Ndikumana, anakunja miguu yenye viatu vinavyong'aa. "Ndugu yangu," anamwuliza, "hii antenne umeipata wapi? Tuko na baptême, ubatizo, mwezi ujao, batu ni bengi, banapoteaka."

Jua lilikuwa linazama walipofika Bluff. Rhoda alikwisha kuondoka na mumewe. Gosbert hakuingia ndani, alibaki amekaa garini. Blandina alisikia redio ikikaanga samaki, ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa. Mwisho akaingia, akavua viatu, akalala chali na shati lake la harusi.

"Mama Godson."

"Naam."

"Alain anasema anaweza kupata nyingine. Ya lori."

"Ndefu?"

"Ndefu kiasi."

Blandina akauma shuka asicheke. "Na Morningside watakuonaje?"

Gosbert alikuwa amegeukia ukutani, na baada ya muda mfupi pumzi yake ikawa nzito, na mluzi kidogo puani, kama ule wa Mlingoti kwenye upepo. Blandina akakaa kitandani anafungua nywele. Kesho yake angempigia mama. Angemwambia kweli: mama, aliingia na watu wake wote, waliimba, walisikika. Habari ya kuku haikuwa na haja ya kuvuka mipaka. Vidole vyake vikakuta kitu chepesi kwenye nywele, akakivuta. Unyoya mmoja mwekundu. Akaupuliza ukaenda kutua kwenye sikio la Gosbert, ukakaa hapo ukipanda na kushuka. Aliutazama, akacheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma, na usingizi ukamchukua akiwa bado hajazima taa.